Mtoto anacheua na kulia baada ya maziwa ya kopo: tafuta chanzo kabla ya kubadilisha kopo

Mwongozo huu ni wa mtoto aliye chini ya miezi sita anayetumia maziwa ya kopo, yawe peke yake au pamoja na ya mama. Malalamiko yanayofika kliniki ni yale yale: anacheua kila akinywa, analia na kujipinda, choo kimebadilika, uzito haupandi, na mama keshanunua makopo ya aina tatu ndani ya mwezi mmoja. Mara nyingi kopo halina kosa. Kosa liko kwenye kiasi, kwenye uchanganyaji au kwenye tundu la chuchu ya chupa. Pengine hakuna kosa lolote, ni umri tu. Mzio wa maziwa ya ng'ombe upo kweli na una dalili zake, ila hauwezi kuonekana vizuri kabla hayo mengine hayajasafishwa njiani.

Katika maelezo haya, kucheua ni maziwa kurudi yenyewe mdomoni bila mtoto kukaza tumbo. Kutapika ni pale tumbo linapojikaza na kusukuma.

Hali zisizosubiri asubuhi

Ukiona mojawapo ya hizi, acha kusoma, nenda hospitali, hata kama ni usiku:

- Matapishi ya kijani. Ile ni nyongo. Kwa mtoto mchanga huchukuliwa kwamba utumbo umeziba au umejisokota mpaka daktari athibitishe vinginevyo, na utumbo uliojisokota huweza kufa ndani ya saa chache.
- Damu kwenye matapishi, au vitu vyeusi kama masalia ya kahawa.
- Anatapika kila kitu, au maziwa yanaruka mbali kwa nguvu mlo baada ya mlo.
- Tumbo limetuna na ni gumu, hatoi choo wala hewa.
- Joto la nyuzi 37.5 au zaidi kwa aliye chini ya miezi miwili, au mwili wa baridi chini ya nyuzi 35.5. Kwa umri huo homa ni dalili ya hatari hata kama anaonekana mzima.
- Amelegea, ni vigumu kumwamsha, ameacha kunyonya, au amepata degedege.
- Utosi umetuna, au umebonyea na mdomo umekauka.
- Anapumua mara 60 au zaidi kwa dakika akiwa ametulia, kifua kinaingia ndani, au midomo inageuka bluu.
- Hajakojoa kwa saa sita hadi nane.
- Dakika chache baada ya maziwa ametoka vipele vya kuvimba, midomo au macho yamevimba, anakoroma au anahema kwa shida.

Usipoteze muda kumpa chochote cha kienyeji kabla ya kutoka. Beba nguo au nepi yenye matapishi. Rangi yake inamsaidia daktari kuliko maelezo.

Angalia haya matatu kwanza

Uzito ndio hakimu. Fungua kadi ya kliniki (Kenya ni kile kijitabu cha mama na mtoto) uone mstari unaelekea wapi. Mtoto aliyezaliwa kwa wakati hurudisha uzito wa kuzaliwa kufikia wiki ya pili, kisha huongeza takriban gramu 150 hadi 200 kwa wiki katika miezi mitatu ya mwanzo. Apimwe bila nguo na kwa mizani ile ile. Mtoto anayecheua mara kumi kwa siku huku mstari unapanda ni tatizo la kufua nguo. Anayecheua mara mbili tu lakini mstari umelala anahitaji kuonwa na daktari.

La pili ni mkojo: nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, mkojo mweupe au wa njano iliyofifia.

La tatu ni daftari. Kwa siku tatu andika saa ya mlo, ml za maji, idadi ya vipimo vya unga, ml alizokunywa, kilichorudi, choo na kilio. Kuhusu kilichorudi, macho hudanganya sana. Mwaga vijiko viwili vya chai vya maziwa, yaani ml 10, juu ya kanga uone vinavyosambaa. Wengi wanaosema "karudisha yote" hugundua kuwa ni kiasi hicho hicho.

DALILI YA 1: Anacheua karibu kila mlo, ila ana furaha na anakua

*Umri.* Hiki ndicho chanzo kinachoongoza. Msuli unaofunga mlango kati ya koo la chakula na tumbo bado ni mlegevu, chakula chote ni maji, na mtoto hushinda amelala. Kucheua huanza kabla ya wiki nane, hufikia kilele karibu na mwezi wa nne, na watoto tisa kati ya kumi huwa wameacha kufikia mwaka mmoja. Maziwa yakirudi yameganda kama mtindi hayajaharibika. Yamekutana na asidi ya tumbo. Hali hii haihitaji dawa, wala haihitaji kopo jipya. Ila kucheua kukianza kwa mara ya kwanza baada ya miezi sita, au kukiendelea baada ya mwaka, daktari atafute sababu nyingine.

*Kiasi kikubwa mno.* Kuanzia wiki ya pili, zidisha uzito wa mtoto kwa ml 150 upate kiasi cha siku nzima, halafu gawanya kwa idadi ya milo. Mtoto wa kilo 4 anahitaji karibu ml 600. Kwa milo minane ni ml 75 kila mlo. Wa kilo 6 anahitaji ml 900, yaani ml 150 kwa milo sita. Sasa chukua mtoto huyo wa kilo 4 anayepewa ml 120 mara nane kwa sababu jedwali la kopo limesema hivyo kwa umri wake: anakunywa ml 960, sawa na ml 240 kwa kila kilo. Tumbo halina pa kuyaweka. Jedwali la kopo limetungwa kwa mtoto wa uzito wa wastani, na wako huenda si wa wastani. Wapo wanaohitaji zaidi kidogo ya ml 150 kwa kilo, lakini ikivuka 200 na anacheua, jibu umelipata. (Mtoto njiti afuate hesabu ya hospitali, si hii.)

Kulia pia si njaa kila mara. Mtoto aliyeshiba na kuchoka atanyonya chochote kinachoingia mdomoni, hata kidole. Akigeuza uso, akifunga mdomo au akilegeza mikono, mlo umekwisha hata kama zimebaki ml 30. Zimwage.

*Chupa inamwaga haraka.* Geuza chupa juu chini: maziwa yadondoke tone moja moja, kama tone kwa sekunde. Yakitoka kwa mfululizo, tundu ni kubwa. Kosa linalorudiwa sana ni kutoboa chuchu kwa sindano ya moto ili mtoto amalize upesi. Chuchu hiyo itupwe. Mlo uchukue kama dakika 15 hadi 20. Mkalishe nusu wima, laza chupa karibu iwe sawa na sakafu huku chuchu imejaa maziwa, na umpe nafasi ya kupumua kila baada ya mafundo kadhaa. Kikombe kidogo kinafaa hata kwa mtoto mchanga na husafishika kirahisi kuliko chupa: kielekeze maziwa yaguse mdomo, ayalambe mwenyewe, usimmiminie.

*Hewa.* Ukitikisa chupa kwa nguvu unatengeneza povu. Izungushe taratibu, iache itulie dakika chache. Mbeulishe katikati ya mlo na mwishoni. Kama hewa haijatoka baada ya dakika tano, usimpigepige mgongo mpaka acheue, mbebe tu.

*Kubanwa tumbo.* Badilisha nepi kabla ya mlo. Kumwinua miguu juu tumbo likiwa limejaa ni kukamua maziwa yatoke. Mbebe wima begani dakika 20 hadi 30 baada ya kunywa. Kumfunga mgongoni kwa kanga mara tu baada ya mlo humbana tumbo; subiri kwanza. Kiti cha gari nacho humkunja tumbo, kwa hiyo si mahali pa kumpumzisha baada ya kula.

Kuhusu kulala hakuna mjadala: alale chali, kwenye godoro gumu lililo sawa, bila mto, na kichwa kisiinuliwe kwa vitabu wala nguo. Wazazi huogopa kwamba akilala chali atapaliwa. Akiwa chali, njia ya hewa iko juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi lazima yapande ili yaifikie. Akilala kifudifudi mambo hugeuka, na hatari ya kufa ghafla usingizini huongezeka.

DALILI YA 2: Analia, anajipinda nyuma, anakataa chupa

Anza na vitu vidogo vinavyosahaulika. Tundu la chuchu lisilotosha: ananyonya, chuchu inabonyea, anameza hewa, anakasirika. Pua iliyoziba: hawezi kunyonya na kupumua kwa pamoja. Fangasi wa mdomoni: utando mweupe kwenye ulimi na mashavu usiofutika kwa kitambaa, unatibika kwa dawa ya matone ya kliniki. Maziwa ya moto: jaribu tone ndani ya kifundo cha mkono kila mara.

Kinachofuata kwa wingi ni kile kilio ambacho wengi hukiita mchango. Huanza wiki za mwanzo, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, huja zaidi jioni, mtoto hukunja miguu na uso kuwa mwekundu, halafu kesho yake ni mzima kabisa na anakunywa vizuri. Huisha kati ya mwezi wa tatu na wa nne. Kubadilisha kopo hakukiondoi, ingawa mara nyingi huonekana kama kimeondoa, kwa sababu kopo la tatu hununuliwa wiki ile ile ambayo kingepungua chenyewe. Ukihisi umeshindwa kuvumilia, mweke chali mahali salama, toka nje dakika tano, au mpe mtu mwingine. Kumtikisa mtoto hata mara moja kunaweza kumharibu ubongo.

Kucheua kulikogeuka ugonjwa ni nadra kuliko hayo. Kunashukiwa pale anapolia wakati wa mlo au mara baada yake karibu kila mara, anakataa kunywa ilhali ana njaa, anakohoa au kupaliwa mara kwa mara, na uzito unasimama. Hatua huenda kwa mpangilio, moja kwa wakati:

1. Sahihisha kiasi cha siku kwa hesabu ya hapo juu.
2. Gawa kiasi hicho hicho kwa milo midogo zaidi, mathalani kutoka sita hadi minane.
3. Ikishindikana, kwa ushauri wa mtaalamu, jaribu kopo la maziwa mazito ya kuzuia kucheua kwa wiki moja hadi mbili. Hutumia wanga wa mchele au unga wa mbegu za karobu. Baadhi huchanganywa kwa joto tofauti na maziwa ya kawaida, hivyo soma kopo, na muulize mfamasia kama maelekezo hayaeleweki. Huenda ukahitaji chuchu yenye tundu kubwa kidogo, na choo kinaweza kuwa kigumu.
4. Yakishindwa, yaache, rudi maziwa ya kawaida, na daktari anaweza kumwandikia dawa ya alginati kwa wiki moja hadi mbili. Usitumie alginati pamoja na maziwa mazito. Vyote viwili hufanya kazi ya kuyafanya maziwa yawe mazito, na vikikutana tumboni vinaweza kuziba.
5. Dawa za kupunguza asidi kama omeprazoli ni za daktari, kwa kipindi kinachojulikana mwisho wake, na kwa mtoto mwenye maumivu yaliyothibitika au asiyekua.

Hatua ya tano inahitaji neno la ziada kwa sababu dawa hizi huuzwa dukani kwa urahisi mno. Hazizuii maziwa kurudi. Zinapunguza ukali wa asidi tu. Na asidi ya tumbo ni ulinzi: ikipungua, maambukizi ya utumbo na ya mapafu hupata njia. Vilevile usimpe mtoto dawa ya kuzuia kutapika ya mtu mzima, hata robo kidonge.

Kabla ya kuanza dawa yoyote ya muda, mtoto anayelia, kutapika na kutokua apimwe mkojo. Maambukizi ya njia ya mkojo kwa watoto wachanga hujificha nyuma ya sura hii hii.

DALILI YA 3: Anatapika kwa nguvu

Hapa usijaribu mambo nyumbani kwa muda mrefu. Kutapika mara moja baada ya mlo mkubwa hutokea. Kutapika kunakorudia kuna orodha nyingine.

Maambukizi ndiyo ya kwanza: tumbo la kuhara, mkojo, masikio, mapafu, uti wa mgongo. Kama anatapika na kuharisha bila dalili ya hatari, endelea na maziwa yale yale kwa kiasi kidogo kidogo, mpeleke kituo cha afya apewe ORS (chumvichumvi za kurudisha maji mwilini) na maelekezo ya kiasi kulingana na uzito, pamoja na zinki miligramu 10 kwa siku kwa siku 10 hadi 14. Usizimue maziwa wakati wa kuhara.

Pili ni kukaza kwa mlango wa tumbo unaoingia kwenye utumbo. Huanza zaidi kati ya wiki ya pili na ya nane, kwa wavulana karibu mara nne ya wasichana. Kila siku inazidi ya jana: mwanzo anacheua, kisha matapishi yanaruka, hayana nyongo, na dakika chache baadaye anataka tena chupa kwa uchu. Nepi zinapungua, choo kinapungua, uzito unashuka. Picha ya altrasaundi huonyesha, na tiba ni upasuaji baada ya maji na chumvi za mwili kusawazishwa. Kituo kidogo kikikupa rufaa kwenda hospitali ya kanda, kama Bugando (Mwanza) au KCMC (Moshi), nenda siku hiyo hiyo. Kosa la kawaida hapa ni wiki mbili za kubadilisha makopo wakati mtoto anakauka.

Tatu, na ni nadra: mtoto anatapika mfululizo saa moja hadi nne baada ya kunywa, anapauka, analegea kama kitambaa. Ni aina ya mzio wa utumbo unaoweza kumshusha mtoto kama mwenye maambukizi ya damu. Ni hospitali, na maziwa hayo yasirudiwe nyumbani.

DALILI YA 4: Choo kimebadilika

Choo cha maziwa ya kopo ni kizito kuliko cha maziwa ya mama, cha kahawia au njano, na madini ya chuma yaliyomo hukipa ukijani. Kijani cha choo si kijani cha matapishi, usiogope. Kukaa siku mbili tatu bila choo si tatizo kikitoka laini. Wala kujikamua na kuwa mwekundu dakika kumi kisha kutoa choo laini si kufunga choo.

*Kigumu kama vigololi.* Chanzo kikuu ni maziwa mazito kupita kiasi. Makopo mengi huhitaji kipimo kimoja kwa ml 30 za maji, lakini yapo ya ml 50 au 60, kwa hiyo kijiko cha kopo moja hakitumiki kwenye kopo jingine. Kipimo kisawazishwe kwa kisu kisafi, kisishindiliwe. Maji hutangulia, unga hufuata: ukiweka unga kwanza kisha ukajaza maji mpaka alama ya 90, maji yaliyoingia hayafiki 90. Kipimo cha "nyongeza ili alale" ni mzigo kwa figo na humwongezea kiu, naye akilia kwa kiu hupewa maziwa mengine mazito. Mtoto ambaye hakupata choo cha kwanza ndani ya siku mbili za kuzaliwa na bado anafunga na kutuna tumbo aonwe na daktari.

*Majimaji.* Tazama usafi kabla ya kitu kingine. Unga wa kopo hauko tasa. Unaweza kubeba bakteria, ndiyo maana Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kuchanganyia yawe na joto lisilopungua nyuzi 70. Yachemshe yatokote, yatumie yasipite dakika 30, na kwa usiku yahifadhi kwenye chupa ya chai safi, iliyojaa na kufungwa vizuri. Changanya, poza kwa kuitumbukiza chupa kwenye bakuli la maji baridi, mpe. Kilichobaki baada ya saa mbili kimwagwe, na alichoacha mtoto hakirudiwi kupashwa. Kuchanganya ya kutwa nzima asubuhi na kuyaacha mezani kwenye joto la Dar es Salaam au Mombasa ni kufuga vijidudu. Chupa na chuchu zioshwe kwa brashi na sabuni, zichemshwe dakika 10 zikiwa zimezama zote.

*Povu, harufu ya uchachu, matako mekundu yanayochubuka.* Kama yamefuata ugonjwa wa kuhara, huenda utumbo umepoteza kwa muda uwezo wa kuvunja laktosi, yaani sukari ya maziwa. Kwa kawaida hujirekebisha ndani ya wiki chache. Wengi huendelea na maziwa yao bila shida. Anayezidi kuharisha na kupungua, daktari anaweza kumwandikia kopo lisilo na laktosi kwa muda mfupi. Kuzaliwa bila uwezo huo kabisa ni nadra mno, na mtoto hudhoofika tangu siku za kwanza za maisha.

*Damu.* Mstari mwekundu juu ya choo kigumu mara nyingi ni mchubuko wa njia ya haja. Damu iliyochanganyika na kamasi kwenye choo laini ni jambo jingine: maambukizi, au mzio. Yote mawili ni ya kliniki, na mtoto akiwa na tumbo lililotuna, kilio cha vipindi vikali au amepauka, ni ya hospitali sasa hivi.

DALILI YA 5: Mambo kadhaa kwa pamoja, na unashuku mzio

Mzio wa protini ya maziwa ya ng'ombe haujitokezi kwa kucheua peke yake. Shuku unapoona mifumo miwili au zaidi inalalamika: kucheua kusikotulia pamoja na ukurutu unaowasha, au damu na kamasi chooni pamoja na kukataa kula, hasa kama vilianza ndani ya wiki chache tangu kopo liingie na kwenye ukoo kuna pumu au ukurutu.

Aina ya haraka hujitokeza ndani ya dakika hadi saa mbili: vipele, uvimbe, kutapika, kukoroma. Hiyo huacha maziwa papo hapo na kuonwa na daktari. Aina ya pole pole hutokea saa mbili hadi siku tatu baadaye, ndiyo inayochanganya watu. Kipimo cha ngozi au damu hakiioni. Inathibitishwa kwa kuondoa na kurudisha, hivi:

Maziwa ya ng'ombe yote yaondolewe kwa wiki mbili hadi nne, badala yake mtoto apewe kopo maalumu ambalo protini yake imekatwakatwa vipande vidogo sana. Lina ladha chungu; anaweza kulikataa siku za mwanzo, na choo huwa cha kijani. Kama ananyonya pia, na daktari anashuku maziwa yanapitia kwa mama, mama aache maziwa, mtindi, jibini, samli na chai ya maziwa kwa muda huo, akila dagaa wanaoliwa na mifupa yao kwa ajili ya kalsiamu. Wala asiache kunyonyesha.

Asipobadilika, maziwa hayakuwa chanzo. Rudi kopo la kawaida. Akipata nafuu, rudisha kopo la zamani kwa makusudi. Hatua hii wazazi huiruka, nao wanaeleweka, lakini bila hiyo hujui kama aliyepona ni kwa kopo au kwa kuongeza mwezi mmoja wa umri. Dalili zikirudi ndani ya wiki mbili, mzio umethibitika. *Usirudishe nyumbani* kama aliwahi kupata dalili za haraka, au alitapika mfululizo na kulegea. Hilo hufanyika hospitali tu. Aliyethibitika huendelea na kopo maalumu angalau miezi sita au mpaka miezi 9 hadi 12, kisha hujaribiwa tena. Wengi huuacha mzio huu kabla ya kuanza shule.

Makopo hayo ni ghali na hayapo kila mji. Hakikisha duka linaweza kukupatia ya wiki nne kabla hujaanza. Jaribio linalokatika katikati halijibu swali. Wakati wa kuchagua, haya hununuliwa kimakosa:

- Kopo lisilo na laktosi. Protini ya ng'ombe imo yote.
- Kopo lenye protini iliyokatwa nusu, linalouzwa kama "laini kwa tumbo". Halitibu mzio.
- Maziwa ya mbuzi. Protini zake zinafanana mno na za ng'ombe. Karibu kila mwenye mzio wa moja huudhika na jingine.
- Soya. Si ya chini ya miezi sita, na baadhi ya watoto huwa na mzio nayo pia.
- Maziwa ya nazi, ya mchele, ya karanga. Haya si chakula cha mtoto mchanga hata kidogo.

Kama kopo lenye vipande vidogo halikutosha na mtoto anadhoofika, lipo la asidi amino tupu, na hilo ni la daktari bingwa wa watoto.

DALILI YA 6: Uzito haupandi

Swali la kwanza lina aibu, lakini liulizwe: kopo linadumu siku ngapi? Kopo la gramu 400 hutoa takriban lita tatu za maziwa yaliyochanganywa sawasawa. Mtoto wa kilo 5 hunywa ml 750 kwa siku, kwa hiyo hulimaliza kwa siku nne hivi. Likidumu wiki mbili na hana chakula kingine, maziwa yanazimuliwa, ama na mama, ama na dada wa nyumbani aliyeambiwa abane matumizi. Maziwa yaliyozimuliwa hudumaza, na maji mengi hushusha chumvi mwilini mpaka kuleta degedege. Maziwa ya unga ya familia nayo si mbadala wa kopo la mtoto, wala ya ng'ombe ya kuchemsha. Hayana chuma cha kutosha na huchokoza utumbo.

Kama fedha ndiyo tatizo, iseme kliniki bila kuzunguka. Mama aliyeacha kunyonyesha wiki chache zilizopita mara nyingi anaweza kurudisha maziwa kwa kumweka mtoto kifuani mara 8 hadi 12 kwa siku, akisaidiwa na muuguzi, kopo likipunguzwa kadiri maziwa yanavyorudi. Mama mwenye VVU azungumze na kliniki yake kabla ya kubadilisha mpango wowote.

Hesabu zikiwa sawa na uzito bado umelala, ni kazi ya daktari: moyo, maambukizi, mzio.

Tiba za kuachana nazo

Kukata kimeo na kung'oa "meno ya plastiki" bado kunafanywa kwa watoto wanaotapika na kuharisha. Kimeo ni kiungo cha kawaida, na yale yanayoitwa meno ya plastiki ni chipukizi za meno halisi ndani ya ufizi. Watoto hufika hospitali wakivuja damu au wakiwa na maambukizi ya damu, na kucheua kuko pale pale.

Asali ni marufuku chini ya mwaka mmoja. Inaweza kubeba vijidudu vinavyopoozesha misuli. Uji kwenye chupa, hata mwepesi, haumfai aliye chini ya miezi sita. Maji ya mchango, ya mitishamba na ya dukani, hujaza tumbo dogo kwa kitu kisicho chakula, na baadhi yana sukari, sodiamu au pombe.

Unapokwenda kliniki

Beba kadi ya uzito, daftari la siku tatu, kopo lenyewe pamoja na kijiko chake, chupa na chuchu unayotumia, na picha ya choo au matapishi kwenye simu. Mchanganyie mtoto chupa moja mbele ya muuguzi kama unavyofanya nyumbani, na kama mlezi wa mchana ni mtu mwingine, aje yeye achanganye.